Badiliko la uvimbe na badiliko la ukoo: tulivyosoma vibaya majibu ya mdogo wangu

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na umri wa miaka 38 alipoanza kuchoka. Alikuwa hodari wa kazi, akaanza kukaa kitako kila baada ya ngazi kumi, na alipopimwa ilionekana kwamba damu yake ilikuwa imeshuka sana. Akapewa vidonge vya madini ya chuma. Damu ilipanda kidogo, ikashuka tena, akaongezewa vidonge, na mzunguko huo ukaendelea kwa miezi saba bila yeyote kati yetu kuuliza swali ambalo leo naliona lilikuwa mbele ya macho: damu hiyo inakwenda wapi? Mwanamume mtu mzima hana njia nyingi za kupoteza damu pole pole bila kuiona. Uvimbe ulio upande wa kulia wa utumbo mpana huvuja kidogo kidogo, damu ikachanganyika na choo kiasi kwamba jicho haliioni, na dalili ya kwanza huwa ni uchovu huo huo tuliokuwa tunautibu kwa vidonge.

Alipofanyiwa kolonoskopi, yaani kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera, uvimbe ulionekana. Akafanyiwa upasuaji wa kuondoa upande wa kulia wa utumbo mpana, na ripoti ya patholojia, yaani ya uchunguzi wa nyama iliyotolewa, ikasema saratani ilikuwa imefika kwenye tezi mbili kati ya 17 zilizochunguzwa, yaani hatua ya tatu. Nilisimamia matibabu yake tangu siku hiyo kwa sababu mimi ndiye mkubwa na ndiye niliyekuwa na nafasi ya kusafiri naye. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyekabidhiwa jukumu kama hilo, ambaye sasa ameshika karatasi yenye majina ya jeni na hajui aanzie wapi, kwa maana makosa yetu makubwa hayakutokea kwenye chumba cha upasuaji. Yalitokea tulipokuwa tunasoma karatasi.

Wiki tatu baada ya upasuaji tulishauriwa kupima mabadiliko ya jeni za KRAS, NRAS na BRAF kwenye uvimbe. Hatukuuliza kipimo hicho kitabadilisha nini katika matibabu yake. Tulisikia neno jeni, tukaona ni jambo kubwa na la kisasa, tukachukua akiba iliyokuwa imetengwa kwa ada za watoto wake. Sampuli ya kwanza ilishindikana. Kipande cha nyama kilikuwa kimekaa kwenye fomalini muda mrefu kupita kiasi, na fomalini ikizidi huikatakata DNA hadi maabara ishindwe kuisoma. Muda unaokubalika kwa kawaida ni kati ya saa 6 na saa 72. Baada ya hapo nyama inatakiwa iwe imegandishwa kwenye nta. Tulilazimika kutafuta kipande kingine cha nta kutoka kwenye upasuaji ule ule na kulipa mara ya pili. Ningejua mapema, ningeuliza mambo mawili siku ile ile ya upasuaji: nani atahifadhi vipande vya nta, na je, mwanapatholojia ameandika ni asilimia ngapi ya kipande hicho ni seli za saratani? Kipande chenye seli chache za saratani kinaweza kutoa jibu la uongo hata kama kimehifadhiwa vizuri.

Majibu yalipokuja yalisema kuna badiliko la KRAS aina ya G12D, na kwamba NRAS na BRAF hazikuwa na badiliko. Nilisoma usiku, peke yangu. Nilikuwa nikikumbuka kwamba baba yetu alifariki akiwa na miaka 47 kwa kile tulichoambiwa ni uvimbe wa tumbo, na nilipoona neno «badiliko la jeni» nikajumlisha haraka: baba alikuwa nalo, mdogo wangu analo, basi na sisi tunalo. Kabla hakujapambazuka nilikuwa nimewatumia ndugu wote ujumbe wa sauti nikiwaambia kwamba familia yetu ina KRAS na kila mmoja akapime.

Hilo ndilo kosa ninalolijutia kuliko mengine yote. Mdogo wetu wa mwisho, wa kike, alinisikiliza. Alikwenda kwenye maabara moja akaomba apimwe KRAS kwenye damu, wakampima, wakamwambia hana badiliko. Alilia kwa furaha kwenye simu, nami nikamshukuru Mungu pamoja naye. Kwa karibu mwaka mzima aliishi akijua kwamba amesalimika, na mimi ndiye niliyempa uhakika huo usio na msingi.

Daktari bingwa wa saratani aliyempokea mdogo wangu kwa ajili ya kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, ndiye aliyetuketisha. Alichora duara mbili kwenye karatasi. Duara ya kwanza, alisema, ni mabadiliko yanayotokea ndani ya seli za uvimbe wakati mtu ameshazaliwa, amekua, anaishi maisha yake; hayo yanakaa kwenye uvimbe tu, hayamo kwenye damu ya mzazi wala hayaendi kwa mtoto. KRAS iko humo. Karibu wagonjwa 40 kati ya kila 100 wenye saratani ya utumbo mpana iliyosambaa huwa na badiliko la KRAS kwenye uvimbe wao, na wengi mno hawana ndugu hata mmoja mwenye ugonjwa huo. Duara ya pili ni mabadiliko ambayo mtu huzaliwa nayo, yaliyomo katika kila seli ya mwili, na hayo ndiyo yanayotembea kwenye ukoo. Alitutazama akasema, «Dada, mlipima duara ya kwanza mkatangaza duara ya pili.»

Kisha akatueleza jambo lililotuuma zaidi. Kipimo cha KRAS kina kazi kubwa kwa mgonjwa ambaye saratani yake imesambaa, kwa sababu tangu mwaka 2008 ilidhihirika kwamba dawa za kundi la cetuximab na panitumumab haziwasaidii wenye badiliko hilo, na tangu hapo kuzitoa bila kupima ni kumpa mgonjwa madhara na gharama bure. Badiliko la BRAF lijulikanalo kama V600E nalo, ambalo huonekana kwa takriban wagonjwa 8 hadi 10 kati ya 100 walio katika hali hiyo, lina dawa zake. Lakini mdogo wangu alikuwa hatua ya tatu: saratani ilikuwa imefika kwenye tezi za karibu, haikuwa imesambaa hadi viungo vya mbali. Dawa hizo hazikuwa kwenye mpango wake kabisa. Kipimo tulichokilipia mara mbili hakikubadilisha hata kidonge kimoja cha matibabu yake wakati ule.

Kipimo alichokihitaji kilikuwa kingine, na kiligharimu sehemu ndogo tu ya kile cha kwanza. Ni kupaka rangi kwenye kipande cha nta ili kuona kama protini nne zipo au hazipo: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Protini hizi ni mafundi wa kusahihisha. Kila seli inapojigawa hunakili herufi zote za DNA yake, na makosa ya kunakili hutokea. Mafundi hawa huyaona na kuyarekebisha. Mmoja akikosekana, makosa hurundikana hasa kwenye sehemu zenye herufi zinazojirudia, na uvimbe wa aina hiyo huwa na tabia yake ya pekee. Kama wagonjwa 15 kati ya 100 wa saratani ya utumbo mpana wana uvimbe wa namna hii. Wengi wao hawakurithi chochote, kwa kuwa jeni ya MLH1 imezimwa ndani ya uvimbe wenyewe uzeeni. Ila takriban 3 kati ya wagonjwa wote 100 wamezaliwa na kasoro kwenye mojawapo ya jeni hizo, na hali hiyo huitwa sindromu ya Lynch.

Kipimo hicho, nilivyokuja kufahamu, kinashauriwa kufanywa kwa kila mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana, awe kijana au mzee, awe na ndugu wagonjwa au asiwe nao. Faida yake haiishii kwenye ukoo. Kwa mgonjwa wa hatua ya pili kinaweza kuonyesha kwamba dawa ya kemo iitwayo fluorouracil peke yake haitamsaidia, na kwa mgonjwa ambaye saratani imesambaa kinafungua mlango wa tiba ya kuamsha kinga ya mwili, ambayo kwa uvimbe wa aina hii ilionekana mwaka 2020 kuzuia ugonjwa kwa muda mrefu kuliko kemo. Ikiwa msomaji atauliza swali moja tu kwa daktari, ninamwomba aulize hili: protini nne zimepimwa?

Majibu ya mdogo wangu yalisema MSH2 na MSH6 hazipo.

Daktari akaanza kuuliza habari za ukoo, na hapo tukakwama kwa sababu ya lugha yetu wenyewe. Nilimweleza kwamba shangazi yetu, dada yake baba, alifariki akiwa na miaka 51 kwa kansa ya kizazi. Akaandika saratani ya mlango wa kizazi, ambayo husababishwa na virusi na haihusiani na sindromu ya Lynch, tukaendelea. Niliporudi nyumbani jambo hilo halikunitoka. Nilimpigia binti wa shangazi nikamwuliza kama ana karatasi yoyote ya mama yake. Alikuwa ameitunza barua moja ya hospitali kwa miaka 19, ndani ya bahasha ya kaki, na alipoisoma kwenye simu neno kwa neno tulisikia kwamba saratani ilianzia kwenye ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Sisi husema «kansa ya kizazi» kwa yote mawili, na ndani ya neno hilo moja zimejificha saratani mbili zisizofanana: ile ya mlango, na ile ya mji wa mimba wenyewe, ambayo ni saratani ya pili kwa kujulikana katika sindromu ya Lynch baada ya ile ya utumbo mpana. Vivyo hivyo «uvimbe wa tumbo» wa baba ungeweza kuwa tumbo la chakula, ini, au utumbo mpana. Kila aliye na mzee hai wa kumwuliza amwulize sasa, na aulize kwa undani: ulianzia kiungo gani, alikuwa na umri gani, alipasuliwa wapi, karatasi ziko kwa nani. Ilinichukua miezi miwili kuchora mti wa ukoo wetu kwa vizazi vitatu, na mti huo uliwasaidia madaktari kuliko kipimo tulichokilipia mara mbili.

Wakati huo kemo ilikuwa imeanza. Kabla ya dozi ya kwanza daktari alieleza jambo ambalo sikulielewa uzito wake mpaka baadaye. Dawa ya fluorouracil na ile ya vidonge, capecitabine, huvunjwa mwilini na kimeng'enya kinachotengenezwa na jeni ya DPYD, na mtu aliyezaliwa na kasoro kwenye jeni hiyo anaweza kuugua vibaya, hata kufa, kwa dozi ya kawaida. Kuna kipimo chake. Lakini kipimo kinachotumika sana hutafuta mabadiliko manne tu yaliyogunduliwa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, na lipo lingine, liitwalo Y186C, linaloonekana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika, ambalo kipimo cha manne hakiligusi. Jibu la «hakuna badiliko» maana yake ni kwamba mabadiliko yaliyotafutwa hayakuonekana. Mdogo wangu, namshukuru Mungu, aliivumilia dawa, ingawa vidole vyake vilikufa ganzi kwa dawa nyingine ya kemo, oxaliplatin, na hadi leo hafungi vifungo vya shati kwa urahisi.

Kipimo cha damu cha duara ya pili kilifuata, na jibu lake ndilo lililotutesa kuliko yote. Maabara iliona badiliko la herufi moja kwenye jeni ya MSH2, ikaandika kwamba ni badiliko ambalo maana yake haijathibitishwa. Nilimwuliza mshauri wa jenetiki inawezekanaje mashine isome herufi na isijue maana yake. Akaniambia kwamba kusoma ni kazi rahisi siku hizi. Ugumu uko kwenye kulinganisha. Binadamu wote wana tofauti nyingi za herufi, na karibu zote hazina madhara. Ili kujua kama hii ina madhara, wataalamu hutazama hazina za kumbukumbu za kimataifa: imeonekana kwa watu wangapi wazima wenye afya, na kwa wagonjwa wangapi? Hazina hizo zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Badiliko linaloishi katika jamii ambayo haijahesabiwa huonekana geni hata kama limo kwenye koo mia moja.

Alinipa mifano nikaielewa hali. Nchini Iceland, ambako sehemu kubwa ya taifa ilisomwa vinasaba vyake, utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mtu mmoja kati ya kila 226 ana sindromu ya Lynch, na karibu wote kwa mabadiliko machache tu ya MSH6 na PMS2 yaliyorithiwa kutoka kwa mababu wale wale. Finland familia nyingi zinashirikiana mabadiliko machache ya MLH1. Afrika Kusini, katika jamii za Northern Cape, yaligunduliwa makundi ya familia yenye badiliko moja la MLH1, na watafiti wakazifuata familia hizo hadi vijijini kwao na vifaa vya kolonoskopi, na waliokubali kuchunguzwa mara kwa mara wakaishi muda mrefu kuliko waliokataa. Nchi iliyowahesabu wagonjwa wake inampa mgonjwa jibu la siku moja. Isiyowahesabu inampa jibu la «haijathibitishwa».

Hapa ninapaswa kukiri kosa jingine. Miezi minne kabla ya hapo mdogo wangu alikuwa ameombwa kusaini fomu ya kuruhusu taarifa zake, bila jina, ziingizwe kwenye utafiti wa mabadiliko ya jeni kwa wagonjwa wa nchi nzima. Mimi ndiye niliyemwambia akatae. Niliogopa kwamba damu yetu itauzwa, kwamba majina yetu yatajulikana, kwamba wanatufanya majaribio. Sikuuliza data inahifadhiwaje, nani anaifungua, na kama tunaweza kujiondoa. Maswali hayo yana majibu, na mtu ana haki ya kuyapata kabla ya kusaini. Nilichofanya mimi ni kufunga mlango bila kuuliza, kisha nikaja kulalamika kwamba hatumo kwenye hesabu. Tulirudi, tukauliza, tukaridhika, akasaini.

Kuhusu badiliko lisilothibitishwa nina onyo moja. Binti wa shangazi aliposikia neno MSH2, na akikumbuka jinsi mama yake alivyokufa, alitaka kwenda kutolewa mji wa mimba mwezi ule ule. Alikuwa na miaka 34 na alitamani mtoto wa pili. Mshauri alimsihi asubiri. Badiliko ambalo maana yake haijathibitishwa halipaswi kuwa sababu ya upasuaji, wala halipaswi kutumika kumwambia ndugu kwamba yuko salama kwa kuwa hana. Mengi ya mabadiliko hayo, yakichunguzwa kwa muda, huonekana hayana madhara. Wakati wa kungoja, ndugu wa karibu hufuatiliwa kwa kuzingatia historia ya ukoo, na hiyo kwetu ilitosha kuanza uchunguzi wa utumbo bila kusubiri herufi ile moja.

Tulisubiri miezi 14. Katika muda huo ushahidi ulikusanywa kidogo kidogo. Hospitali aliyopasuliwa shangazi ilikuwa bado na kipande chake cha nta, na kilipopakwa rangi kilikosa protini zile zile mbili, MSH2 na MSH6. Baba mkubwa ambaye ana miaka 78 na hajawahi kuugua alikubali kutoa damu, naye hakuwa na badiliko. Binti wa shangazi alikuwa nalo. Familia nyingine, ambayo hatuijui na hatutaijua, ilipatikana kupitia utafiti ule wa nchi ikiwa na badiliko hilo hilo na ugonjwa huo huo. Maabara ikaandika upya: badiliko ambalo kwa uwezekano mkubwa lina madhara. Barua hiyo haikuja yenyewe. Nilikuwa nikipiga simu kila baada ya miezi mitatu kuuliza kama tathmini imepitiwa upya, na nashauri mtu mwenye jibu kama letu aulize angalau mara moja kwa mwaka, na ahakikishe maabara ina namba yake mpya ya simu akibadilisha.

Ndipo sisi wengine tukapimwa, safari hii kwa kutafuta badiliko hilo moja tu la ukoo wetu. Kipimo cha namna hii ni cha bei nafuu kuliko kusoma jeni nzima, na jibu lake huwa wazi. Kila mtoto wa mwenye badiliko ana nafasi nusu kwa nusu. Kabla ya kutoa damu tulikaa na mshauri kwa saa nzima. Alituuliza kila mmoja atafanya nini jibu likiwa ndiyo, na atafanya nini likiwa hapana, na akatukumbusha kupitia masharti ya bima zetu kwanza, kwa sababu swali la bima ni gumu kulirudisha nyuma baada ya jibu kuandikwa.

Mimi sina. Nilidhani nitafurahi. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi za jengo, na kilichonijia kilikuwa aibu, kana kwamba nimewaacha wadogo zangu njiani nikapanda gari peke yangu. Mshauri alisema hali hiyo huwapata wengi wanaopata jibu la hapana. Kiafya maana yake ilikuwa rahisi: kwa kuwa badiliko la ukoo linajulikana na mimi sina, hatari yangu imerudi kuwa kama ya mtu mwingine yeyote, na watoto wangu hawawezi kulirithi kutoka kwangu.

Mdogo wetu wa mwisho analo, yule niliyemfurahisha kwa kipimo cha KRAS. Alifanyiwa kolonoskopi baada ya wiki tatu, vikaonekana vinyama viwili, kimoja kikiwa kimeanza kubadilika, vyote vikaondolewa hapo hapo kwa waya bila upasuaji. Sijawahi kumwuliza kama amenisamehe. Siku ile aliponisimulia alinishika mkono akasema, «Dada, tumefika kabla yake,» na sote tukanyamaza.

Sasa anachunguzwa utumbo kila mwaka. Kwa wenye badiliko la MLH1 au MSH2 uchunguzi hushauriwa kuanza kati ya miaka 20 na 25, na kurudiwa kila mwaka mmoja au miwili, kwa kuwa kinyama kinaweza kugeuka saratani haraka kuliko kwa watu wengine. Nchini Finland ufuatiliaji wa miaka 15 ulionyesha kwamba kolonoskopi ya kila miaka mitatu tu ilipunguza saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 62 katika familia za Lynch. Anatumia pia aspirini chini ya uangalizi wa daktari; utafiti wa watu 861 wenye sindromu hii, waliofuatiliwa kwa miaka kumi kwa wastani, ulionyesha kwamba waliopewa miligramu 600 kwa siku walipata saratani ya utumbo mpana kwa uchache zaidi. Asitokee mtu akaianza mwenyewe, maana aspirini huweza kutoboa tumbo. Matayarisho ya kolonoskopi yanachosha, dawa ya kusafisha utumbo ni chungu, na kazini hulazimika kuomba ruhusa ya siku mbili. Anaeleza hayo waziwazi kwa ndugu wanaofuata ili wasije wakashtuka.

Binti wa shangazi alipata mtoto wake wa pili. Baada ya hapo, kwa uamuzi wake, akiwa ameelezwa na kuelewa, alitolewa mji wa mimba na vifuko vya mayai. Ni upasuaji ule ule alioutaka kwa hofu miaka miwili kabla.

Watoto wa mdogo wangu bado wadogo. Mama yao alitaka wapimwe mara moja, tukashauriwa wasubiri hadi wawe watu wazima na waamue wenyewe, kwa sababu hakuna uchunguzi ambao ungeanza utotoni. Tumewaandikia barua. Ina jina la jeni, herufi kamili ya badiliko kama ilivyo kwenye ripoti, jina la maabara, namba ya ripoti, na umri wa kuanza uchunguzi. Nakala ziko kwa watu watatu tofauti, baada ya kuona ni bahasha moja tu ya kaki iliyotuokoa.

Mdogo wangu ametimiza miaka mitatu tangu kemo iishe na kamera ya mwisho haikuona kitu. Aliyebaki kwenye mti ule ni baba mdogo, mwenye watoto sita wakubwa. Hataki kupimwa, anasema ameona wengi waliokufa kwa kujua. Nilimwonyesha duara mbili kwenye karatasi kama tulivyochorewa sisi, akazitazama kwa muda, akakunja karatasi akaiweka mfukoni. Wiki iliyopita binti yake wa kwanza alinipigia akaomba namba ya mshauri.